Kusaka Ruwaza za Nyimbo za Hungaria kwa Kompyuta: Mwongozo kwa Anayeanza

Wasomaji wangu wananiuliza swali moja kwa sura nyingi. Mwanakwaya anayejua solfa anauliza aanzie wapi kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa kompyuta anauliza aanzie wapi kwenye muziki. Wote wamesikia kwamba mashine inaweza kufunzwa itambue mahadhi yanayofanana ndani ya maelfu ya nyimbo za vijiji vya Hungaria, na wote wanataka kujaribu. Leo nawajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: kazi hii hufaulu au huharibika kabla programu haijaanza kukokotoa. Ukiziandika nyimbo vizuri na kuuliza swali moja lililo wazi, hesabu nyepesi itakupa majibu. Ukiziandika ovyo, hata mashine ya gharama kubwa itakudanganya, tena kwa kujiamini.

Kwa nini Hungaria, si nyimbo za kwetu?

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kwanza, na ni la haki. Sababu yangu ni ya kivitendo: nyimbo za Hungaria zimekwisha kupangwa kwa mkono na watu waliozisikiliza maisha yao yote, kwa hiyo utakuwa na mahali pa kusahihishia kazi yako.

Béla Vikár alibeba fonografu vijijini tangu miaka ya 1890. Watunzi Béla Bartók na Zoltán Kodály wakafuata, na mwaka 1906 wakatoa kijitabu chao cha kwanza cha pamoja chenye nyimbo 20. Mwaka 1924 Bartók alichapisha kitabu kilichozigawa nyimbo katika mafungu matatu: mtindo wa kale, mtindo mpya, na mchanganyiko. Baadaye Pál Járdányi alizipanga upya kwa kufuata umbo la mahadhi, kisha László Dobszay na Janka Szendrei wakatunga orodha ya aina za nyimbo kwa mitindo yake. Mwanafunzi hujifunza hesabu kwa kitabu chenye majibu nyuma. Nyimbo hizi zilizokwisha kupangwa ndizo kitabu cha namna hiyo. Ukishaiva, utazigeukia nyimbo zisizo na majibu, zikiwemo za kwenu.

Unachokijua tayari

Usijidharau. Msomaji wa Kiswahili anaingia katika kazi hii na mtaji wa aina mbili.

- Mizani. Wimbo wa kawaida wa Hungaria una ubeti wa mishororo minne, na katika nyimbo nyingi za kale kila mshororo una idadi ile ile ya silabi. Aliyewahi kuhesabu mizani za tarbia ataielewa kazi ya Bartók upesi, maana naye alizihesabu silabi hizo hizo.
- Solfa. Kodály alijenga elimu ya muziki ya nchi yake juu ya solfa aliyoichukua Uingereza. Solfa hiyo ya Kiingereza ndiyo waliyoileta wamisionari katika kwaya za Afrika Mashariki. Ukiweza kusoma d, r, m, f, s, l, t, unaweza kuiandikia mashine wimbo wa Hungaria leo hii.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Usiseme, "Nataka kutafuta ruwaza." Hilo ni pori, si swali. Chukua mojawapo kati ya haya:

1. Je, kompyuta inaweza kutofautisha mtindo wa kale na mpya kwa kutazama mahadhi tu?
2. Ni nyimbo ngapi kati ya nilizo nazo ambazo nusu yake ya pili inarudia nusu ya kwanza kwa sauti ya chini zaidi?
3. Ni nyimbo zipi mbili zilizorekodiwa mbali na mbali lakini ni wimbo mmoja?

Maswali hayo yana msingi. Wimbo wa mtindo wa kale huanza juu na kuteremka hadi mwisho, na mara nyingi hutumia noti tano tu: la, do, re, mi, sol. Katika kundi kubwa la nyimbo hizo mshororo wa tatu na wa nne huyarudia mahadhi ya mshororo wa kwanza na wa pili, ila noti tano chini kwa hesabu ya solfa. Wahungaria huita jambo hili *kvintváltás*. "Felszállott a páva", wimbo wa tausi ambao Kodály aliutungia kazi yake ya okestra mwaka 1939, ni mfano wake maarufu. Mtindo mpya una tabia nyingine: mshororo wa kwanza hurudi mwishoni, kama msafiri aliyerejea nyumbani.

Hatua ya 2: Kusanya nyimbo chache zilizo safi

Anza na nyimbo 200, si 20,000. Ziandike mwenyewe kutoka vitabu vilivyochapishwa, au zitafute zikiwa tayari katika mfumo unaosomwa na kompyuta, kama MusicXML, ABC au EsAC. Mfumo wa EsAC huandika noti kwa tarakimu 1 hadi 7, kwa hiyo mtu wa solfa atauzoea kwa siku moja.

Chunga mambo matatu:

- Usijaze debe kwa chochote kilichoandikwa "Hungaria". Dansi za Hungaria za Brahms ni kazi za ukumbini, na ile ya 5 ilitokana na kipande cha mtunzi Béla Kéler. Hata Liszt, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alichanganya muziki wa bendi za mjini na chimbuko la muziki wa Hungaria. Bartók na Kodály walikwenda vijijini kwa sababu hiyo.
- Usidhani kila hazina kubwa ina Wahungaria wengi. Mkusanyo wa Essen, ulioanzishwa na Helmut Schaffrath na kutumiwa sana na watafiti, umejaa zaidi nyimbo za Wajerumani na Wachina. Hesabu kwanza za Hungaria ni ngapi.
- Soma masharti ya matumizi. Wimbo wa kijiji hauna mtunzi anayejulikana, lakini rekodi na maandishi yake yanaweza kuwa na mwenyewe. Omba ruhusa pale inapotakiwa.

Hatua ya 3: Safisha

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Usione unapoteza wakati.

1. Shusha nyimbo zote kwenye noti moja ya mwisho. Mzee mmoja aliimba juu, mwingine chini, na tofauti hiyo haihusu wimbo wenyewe. Bartók aliufuata utaratibu wa Mfini Ilmari Krohn, akaziandika nyimbo zote ziishie kwenye noti ya G. Wewe ipe noti ya mwisho namba 0, kisha hesabu nyingine kutoka hapo kwa vitufe vya kinanda, vyeupe na vyeusi pamoja.
2. Tenga mapambo na noti kuu. Waimbaji wa kale hupamba sana, na Bartók aliandika mapambo kwa noti ndogo. Kwa jaribio la kwanza yaache kando, lakini usiyafute kwenye faili la asili.
3. Weka mipaka ya mishororo. Kompyuta haijui mshororo unaishia wapi usipoiambia. Ukikosea mpaka mmoja, mishororo yote inayofuata itakaa pasipo pake.
4. Uwe mwangalifu na muda wa noti. Nyimbo nyingi za kale huimbwa kwa mwendo wa kusema, bila mapigo yaliyofungwa. Urefu wa noti ulioandikwa pale ni makadirio ya aliyesikiliza, haufai kuchukuliwa kama saa.
5. Oanisha majina ya mahali. Tangu mipaka ya mwaka 1920, maeneo mengi ya nyimbo hizi yako Romania na nchi nyingine jirani. Kolozsvár ya Wahungaria ndiyo Cluj ya Waromania. Usipoyaoanisha, mahali pamoja patahesabiwa mara mbili. Hifadhi faili kwa UTF-8 ili herufi kama ő na ű zisivurugike.

Hatua ya 4: Geuza wimbo kuwa safu ya namba

Tengeneza jedwali. Kila wimbo upate mstari wake, na kila mstari uwe na safu hizi:

- idadi ya mizani katika kila mshororo;
- noti ya mwisho ya kila mshororo;
- noti ya juu kabisa na ya chini kabisa;
- umbo la mahadhi: soma kimo cha sauti katika vituo 16 vilivyoachana sawasawa kwenye kila mshororo, upate namba 64 kwa wimbo mzima.

Safu ya noti za mwisho wa mishororo usiidharau. Bartók na Kodály waliitegemea sana katika kupanga maelfu ya kadi bila kompyuta: kwanza noti inayofunga mshororo wa pili, kisha ya mshororo wa kwanza, kisha ya mshororo wa tatu. Mizani nayo ibaki katika safu yake, kwa sababu vituo 16 huufanya mshororo wa silabi 6 na ule wa silabi 12 vionekane vya urefu mmoja.

Hatua ya 5: Linganisha kwa hesabu nyepesi

Fungua lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya music21, au tumia chombo chochote unachokijua. Jaribu njia hizi kwa mpangilio huu, na usiruke ngazi:

1. Tofauti ya moja kwa moja. Toa namba 64 za wimbo mmoja kutoka zile za mwingine, kisha jumlisha tofauti bila kujali alama za kutoa. Jumla ikiwa ndogo, nyimbo zinakaribiana.
2. Idadi ya marekebisho. Hesabu noti ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili wimbo mmoja uwe mwingine. Njia hii huvumilia mwimbaji aliyeongeza silabi katikati.
3. Kugawa makundi. Iombe programu igawe nyimbo katika makundi 5, kisha 10, kisha 20, bila kuiambia majina ya mitindo.
4. Ramani ya Kohonen. Mashine hujipangia ramani ambamo nyimbo zinazofanana huwa majirani. Mtafiti wa Hungaria Zoltán Juhász ameitumia kulinganisha mahadhi ya Wahungaria na ya mataifa mengine.
5. Mtandao wa nyuroni. Uwe wa mwisho, na kwa swali ambalo njia nne za kwanza zimeshindwa kulijibu.

Mfano: pale kanuni kali inaposhindwa

Nimetunga mshororo mfupi ili tuone kazi yenyewe. Tuseme mshororo wa kwanza ni: la, do ya juu, la, sol, mi. Kwa vitufe kutoka noti ya mwisho ya wimbo, ambayo hapa ni la ya chini, hiyo ni 12, 15, 12, 10, 7.

Noti tano chini kwa solfa ni vitufe 7. Toa 7 kila mahali, upate 5, 8, 5, 3, 0, yaani re, fa, re, do, la. Lakini fa haimo katika zile noti tano za wimbo. Mwimbaji wa kijijini aliyezoea noti hizo huenda akaimba mi mahali pa fa: 5, 7, 5, 3, 0.

Programu inayodai tofauti iwe 7 kamili itaukataa wimbo huu, ilhali sikio la mwanakijiji yeyote wa pale lingeukubali. Dawa yake ni kuiruhusu tofauti iwe 6, 7 au 8. Hilo ni badiliko dogo katika programu, lakini hutalijua kwa kusoma programu. Utalijua kwa kuimba mishororo yote miwili na kusikia mahali inapoachana.

Sasa angalia upande wa pili. Ukilegeza mno, kila wimbo unaoteremka utaonekana una marudio. Ndiyo maana hatua inayofuata haikwepeki.

Hatua ya 6: Ijaribu mashine kabla hujaiamini

- Unda nyimbo bandia. Chukua mishororo kutoka nyimbo mbalimbali, ichanganye, uunge beti zisizowahi kuimbwa. Programu yako ikiona marudio mengi humo kama inavyoona katika nyimbo za kweli, umelegeza kupita kiasi.
- Ipiganishe na kanuni ya mtoto. Kwa mtindo mpya, uliza tu: je, mshororo wa nne unafanana na wa kwanza? Mtandao wa nyuroni usioishinda kanuni hiyo uweke kando.
- Jua bahati nasibu inakupa nini. Kama nyimbo 70 kati ya 100 ni za mtindo mpya, anayejibu "mpya" kila mara atapata 70. Usishangilie 72.
- Usivitenganishe vibadala vya wimbo mmoja. Wimbo mmoja unaweza kuwa umeandikwa katika vijiji vingi, kila kimoja kwa tofauti ndogo. Vibadala vikigawanyika, vingine vya kufunzia na vingine vya kupimia, mashine itakuwa imeuona mtihani kabla ya siku yake. Viweke vyote upande mmoja.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

1. Kusahau kusawazisha noti ya mwisho. Makundi yanatoka mazuri machoni, kumbe mashine imetenga walioimba juu na walioimba chini.
2. Kujifunza mkono wa mwandishi badala ya wimbo. Mmoja aliandika kila pambo, mwingine aliandika noti kuu tu. Bartók mwenyewe alirudia kusikiliza rekodi zake za zamani, akasahihisha maandishi yake. Kundi lako likiwa na nyimbo za mkusanyaji mmoja tu, shuku.
3. Kuupa kila mkoa mtindo wake. Bartók alitenganisha maeneo makubwa manne ya lahaja za muziki: ng'ambo ya magharibi ya Danube, kaskazini, bonde la Tisza, na Transylvania. Lakini nyimbo husafiri na askari, vibarua na maharusi. Kama una nyimbo 150 za Transylvania na 10 za kaskazini, hujapata mtindo wa Transylvania. Umepata tu upungufu wa kaskazini.
4. Kugeuza kufanana kuwa undugu wa damu. Nyimbo za noti tano zenye marudio ya chini zipo pia kwa Wamari na Wachuvash wa mto Volga, na wataalamu wa Hungaria wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Bartók alikwenda hadi Uturuki mwaka 1936 kutafuta mifano. Mashine inaweza kukuonyesha kwamba mahadhi mawili yanakaribiana. Nani alimfundisha nani, na lini, hilo linataka historia na lugha.
5. Kuonyesha picha ya makundi bila nyimbo ndani yake. Msomaji wako ana haki ya kuona nyimbo angalau tatu za kila kundi, zimeandikwa noti kwa noti.

Mashaka yenu

*"Sijui Kihungaria."* Kwa kusoma mahadhi hukihitaji. Lakini ukitaka kusema lolote kuhusu maneno, au kwa nini mshororo unakatika pale unapokatika, tafuta mtu anayekijua. Usibahatishe.

*"Sina kompyuta kubwa."* Nyimbo 200 zenye namba 64 kila mmoja ni jedwali dogo. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inalimudu.

*"Mimi si mwanamuziki."* Basi tafuta mwanakwaya akae nawe. Na wewe mwanakwaya, tafuta mtu wa programu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi hii ina vidole viwili tangu mwanzo.

*"Si afadhali niipe mashine rekodi zenyewe za sauti?"* Si mwanzoni. Mitungi ya nta ya fonografu ina mikwaruzo, na mwendo wake huyumba. Mashine itahangaika na kelele kabla haijaufikia wimbo. Anza na noti zilizoandikwa, sauti zifuate ukishapata uzoefu.

Kabla hujatangaza ulichokipata

Jipitishe kwenye maswali haya ukiwa na kalamu mkononi:

- Nimeandika nyimbo zimetoka wapi, ngapi, na za miaka gani?
- Nimehifadhi faili la asili ambalo sikuligusa?
- Nimesawazisha noti ya mwisho kwa zote?
- Nimelinganisha makundi yangu na mafungu ya Bartók, au na orodha ya Dobszay na Szendrei?
- Pale mashine ilipotofautiana nao, nimeufungua wimbo mmoja mmoja nikausoma?
- Nimeijaribu kwa nyimbo bandia?

Swali la tano ndilo lenye thamani kuliko yote. Mashine ikikubaliana na wazee, umehakikisha tu kwamba chombo chako kinafanya kazi. Ikitofautiana nao, ama umekosea mahali, ama umekutana na wimbo ambao haukukaa vizuri katika mafungu yao. Kwa kawaida utakuwa umekosea. Mara chache hutakuwa umekosea, na hapo ndipo ugunduzi huanzia.

Neno langu la mwisho

Bartók alitumia miaka ya 1934 hadi 1940 Budapest akizipanga nyimbo hizi, kisha akahamia Marekani, akafia New York mwaka 1945 bila kuiona kazi hiyo kubwa ikichapishwa. Aliketi na rekodi, akasikiliza, akarudia, akasahihisha. Kompyuta imetupunguzia miaka ya kupanga kadi. Kusikiliza imetuachia.

Kwa hiyo nakuomba ushike sheria moja, hata ukisahau nyingine zote. Mashine ikikwambia nyimbo mbili ni ndugu, zima kioo, ziimbe zote mbili kwa solfa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mwimbie mtu wa pili. Nyote wawili mkiusikia undugu huo, andika. Msipousikia, rudi kwenye jedwali.